Kutafuta maktaba za jeni kwa aina ya tishu: shika jina la tishu kabla hujashika jina la jeni

Mdogo wangu, mtoto wa mamangu mdogo, alinijia wiki iliyopita baada ya isha na laptopu kwapani, akakaa, hata kahawa hakumaliza, akanambia, "Kaka, nimeandika blood pale kwenye databesi nimeletewa vitu maelfu kwa maelfu, nimefungua kumi na vyote si ninachotaka, na mwalimu ataka orodha Jumatatu." Yuko mwaka wa tatu chuoni Tudor, projekti yake ni ya sikoseli, ile selimundu, na hakupangiwa na mtu, ameichagua mwenyewe manake dadake anayo na sote nyumbani twajua usiku wa maumivu unavyokuwa. Basi tukakaa mpaka saa sita tukaifanya pamoja, na haya ninayoandika ndo yale niliyomwonesha, nimeongeza kidogo tu kwa sababu najua kuna vijana wengi hapa Mombasa na Kilifi na kwengineko wamekwama palepale.

Neno la kwanza nililomwambia ni hili, na huku chini utaona narudi kwalo kila mara: jina la tishu unaloliona kwenye databesi ni neno aliloandika mtu. Hakuna mashine iliyopima ikasema hili ni ini hili ni figo. Ni mtu, labda mwanafunzi kama wewe, alikuwa ajaza fomu usiku ili ripoti yake ichapishwe, akaandika "liver" ama "hepatic tissue" ama "L3_rep2" kisha akaenda zake kulala. Kwa hivo ukitafuta kwa tishu, nusu ya kazi ni kutafuta na nusu ni kuwaza yule mtu aliandika nini, halafu uhakikishe alichoandika ndicho alichochukua kweli.

Maktaba yenyewe ni nini? Unachukua kipande cha tishu, unatoa RNA iliyomo, yani zile nakala zinazotolewa na jeni zilizowaka, zile zinazofanya kazi wakati huo, unaigeuza iwe cDNA, yani nakala yake ya DNA, kwa sababu RNA yaharibika upesi mno, unabandika vipande vya kuitambulisha huku na huku, halafu yasomwa na mashine. Mkusanyiko ule wa vipande ndo maktaba. Karibu kila seli mwilini ina jeni zilezile, ila ini linawasha zake na ubongo unawasha zake, ndo maana swali la tishu linakuja kabla ya mengine yote. Miaka ya 90 maktaba zilikuwa za EST, vipande vifupi vinasomwa kimoja kimoja, 1995 ikaja SAGE iliyokuwa ikihesabu vitagi vidogo vya herufi kama kumi kwa kila nakala, siku hizi nyingi ni RNA-seq, yani kusikwensi, mashine inasoma vipande kwa mamilioni kwa mpigo. Ukikutana na zile za zamani za EST angalia kama pameandikwa "normalized", manake hapo waliopika maktaba walizipunguza kusudi zile jeni zilizojaa ili zile adimu zionekane, kwa hivo ukihesabu vipande humo hesabu yako haisemi lolote kuhusu kiwango. Zile zafaa kugundulia jeni, kupimia hapana.

Sasa hapa kwetu kuna mfano mzuri wa hili tatizo la majina. Nenda sokoni ulizia tafi, utaoneshwa samaki. Mtu wa Zanzibar akija atamwita samaki huyohuyo tasi. Samaki hajabadilika, magamba ni yale, miba ni ile, ila kama una daftari la samaki na unatafuta "tafi" peke yake basi tasi wote watakupita. Databesi za jeni ndo ziko hivo. Ini ni "liver", ni "hepatic", ni "hepatocyte" kwa yule aliyechukua seli za ini tu. Mtoto aliye tumboni Wamarekani wanaandika "fetal" na Waingereza wengine "foetal". Uboho ni "bone marrow", wengine "marrow" tu, wengine wanaandika BM wakaridhika.

Kwa hivo kabla hujafungua kompyuta chukua karatasi, nasema kweli, karatasi na kalamu, ujiulize ni tishu gani hasa ndiyo inayofanya kazi ninayotaka kuiona. Hapa ndo mdogo wangu alipopotea, na alipotea kwa njia inayoeleweka kabisa. Sikoseli ni ugonjwa wa damu, jeni yenye shida ni HBB, moja ya zile zinazotengeneza hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa hivo akaandika damu. Lakini seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, haitengenezi RNA mpya, hizo RNA za HBB unazoziona kwenye damu ni mabaki yaliyo ndani ya seli changa zilizotoka tu kiwandani. Kiwanda chenyewe ni uboho. Na kwa mtoto aliye tumboni kiwanda ni ini! Ini la mimba ndilo linalotengeneza damu kwa kipindi kirefu, uboho unachukua usukani kadri uzazi unavyokaribia.

Na hapo kwenye ini la mimba ndo kuna utajiri, manake mtoto tumboni anatumia hemoglobini nyengine, ya jeni HBG1 na HBG2, ambayo haina ile hitilafu. Ndo maana mtoto wa sikoseli anazaliwa akiwa sawasawa, miezi ya kwanza anacheza, anacheka, halafu hemoglobini ile ya mimba inapopungua na HBB kushika nafasi ndo vidole vinaanza kuvimba na mama anaanza kukimbia hospitali. Kuna jeni yaitwa BCL11A ambayo ndiyo inayosaidia kuzima hizo HBG, na dawa ya kuhariri jeni iliyopitishwa Uingereza mwisho wa 2023, Casgevy, inafanya kazi kwa kupunguza nguvu ya BCL11A kwenye seli zinazozaa damu. Sasa mtu anayetaka kuona HBG zikiwaka na kuzimika akienda kutafuta damu ya mtu mzima ataona nini? Ataona kidogo sana, afikiri databesi ni mbovu, kumbe yeye ndo yuko chumba cha watu wazima na mtoto yuko chumba chengine.

Karatasi ya mdogo wangu mwisho ilikuwa na majina haya: ini la mimba, uboho, damu ya kitovu ambayo yaandikwa "cord blood", na zile seli changa za damu zinazoandikwa "erythroblast" ama CD34. Chini yake umri, mimba au mtoto au mtu mzima. Chini yake hali, mzima au mgonjwa. Chini yake kiumbe, binadamu ama panya, manake panya wamejaa kila mahali humo. Dakika kumi za karatasi zilituokolea saa nzima na bando pia.

(Na kwa wale wanaodhani haya ni mambo ya mbali: Anthony Allison, aliyekulia hapahapa Kenya, 1949 alizunguka akipima damu za watu akaona walio na nakala moja ya jeni ya selimundu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na kule milimani kwenye baridi ni wachache, na 1954 akachapisha kwamba nakala hiyo moja yakinga malaria. Pwani yetu imo kwenye hadithi hii tangu mwanzo.)

Haya, sasa twende kwenye databesi. Kubwa ya wote ni GEO, iko chini ya NCBI, kituo cha serikali ya Marekani cha data za kibiolojia, ilianza 2000, na watafiti wa dunia nzima wanaweka data zao humo. Uelewe herufi zake kwanza la sivyo utachanganyikiwa: GSE ni mradi mzima, GSM ni sampuli moja, GPL ni aina ya mashine au chipu iliyotumika. Kuna na GDS, hizo ni zile ambazo wenyewe GEO walizipanga vizuri kwa mkono, nzuri lakini za zamani, mpya hawazitengenezi tena. Wewe kwa kawaida unataka GSE halafu unashuka kwenye GSM.

Ingia ukurasa wa GEO DataSets, usiandike kitu kwenye kisanduku cha mbele, bonyeza neno Advanced lililo chini yake. Hapo utapata safu za kujazia. Safu ya kwanza weka majina yote ya tishu yako ukiyaunganisha kwa OR kwa herufi kubwa, na majina ya maneno mawili uyaweke ndani ya alama za nukuu, hivi: "fetal liver" OR "foetal liver" OR "bone marrow" OR "cord blood" OR erythroblast. Safu ya pili kwenye menyu chagua Organism uandike Homo sapiens. Safu ya tatu ukitaka weka kitu unachochunguza, kwa mfano "fetal hemoglobin" OR "sickle cell", na Waingereza wanaandika "haemoglobin" kwa hivo ongeza na hiyo. Safu zenyewe zinaungana kwa AND. Uzuri wa kutumia safu ni kuwa inajifungia mabano yenyewe, manake watu wengi wanaandika OR na AND kwa mkono bila mabano halafu wanaletewa kila kitu chenye neno damu duniani.

Ukishatafuta angalia upande wa kushoto. Kuna filta za Entry type, chagua Series. Kuna Study type, hapo unachagua kama unataka mikroarei, zile za kupimwa kwa chipu, ama za kusikwensi, zile za kusikwensi zaandikwa "Expression profiling by high throughput sequencing" na mara nyengine haionekani mpaka ubonyeze Customize uiongeze. Na kuna moja watu hawaioni kabisa, yaitwa Attribute name, ndani yake kuna "tissue", ukiibonyeza unabakiwa na zile ambazo mwenye data alijaza sehemu ya tishu kwa jina hilo. Mimi naitumia kama njia ya haraka ya kuanzia tu, siitegemei, kwa sababu wapo walioandika "organ" na wapo walioweka "cell type" na hao wote utawakosa.

Halafu upande wa kulia kuna kisanduku cha Search details. Kisome! Hicho ndicho kinakuonesha mashine imeelewa nini. Ukiandika liver peke yake mashine yaweza kuipanua ichukue na maneno ya kitabibu yanayohusiana, mara nyengine yasaidia mara nyengine yakuletea usichotaka, na ukiweka alama za nukuu inaacha kupanua. Mdogo wangu alipokiona kile kisanduku alinyamaza kidogo kisha akasema kumbe hii inatafsiri ninachosema. Ndiyo, na kama mtafsiri yeyote wapaswa kumsikiliza anasema nini kwa niaba yako.

Sasa umepata orodha, labda arobaini, labda mia. Usifurahie kichwa cha habari. Fungua GSE, soma Overall design, halafu teremka kwenye sampuli ubonyeze GSM mbili tatu za mahali tofauti kwenye orodha, si ya kwanza tu. Kwenye GSM kuna Source name na Characteristics, hapo ndo ukweli wa tishu uko kama uko. Nenda mpaka chini usome Extraction protocol, ndefu, ya kuchosha, isome tu. Humo ndo utajua kama hiyo "liver" ni kipande cha ini la mtu ama ni seli za HepG2 ambazo ni za saratani ya ini zinazokuzwa kwenye sahani za maabara miaka na miaka. Kwa figo mtego ni HEK293, zimetoka kwenye figo la mimba kule Uholanzi miaka ya 70 mwanzoni na sasa zimo katika maabara kila pembe ya dunia, mtu anaandika "kidney" na wewe unafikiri umepata figo. Kwa mlango wa kizazi ni HeLa, seli za Henrietta Lacks zilizochukuliwa 1951 bila yeye kuombwa ruhusa. Kwa damu ni K562, saratani ya damu. Zote zina kazi yake na sizidharau, ila si tishu ya mtu mwenye afya, na ukizichanganya na tishu halisi hesabu yako yote yapinda.

Vifupisho navyo. FL wengi wanamaanisha ini la mimba, lakini FL hiyohiyo ni jina la saratani moja ya tezi za limfu, "follicular lymphoma". PB ni damu ya mishipani, CB ya kitovu. Usikisie, nenda Characteristics, na kama haisemi nenda kwenye ripoti yenyewe iliyounganishwa na huo mradi.

Kama mradi una sampuli nyingi huwezi kubonyeza moja moja, na hapa nakuomba unisikilize kwa sababu ya bando. Chini kabisa ya ukurasa wa GSE za kusikwensi kuna linki ya SRA Run Selector. Ukiingia unapata jedwali la sampuli zote na kolamu zake, na kuna kitufe cha Metadata, yani maelezo ya sampuli, kibonyeze, unashusha faili dogo la maandishi tu, kilobaiti kidogo, hata simu yako inaweza. Lifungue kwa Eksel ama LibreOffice, panga kwa kolamu ya "tissue", halafu kwa "source_name", halafu angalia "cell_type" na "body_site", manake kila mtu amejaza yake. Utaona hata safu zilizoandikwa "missing". Wengi wanaanza kwa kushusha data nzito za FASTQ, yani vipande vyenyewe vilivyosomwa na mashine, sampuli moja yaweza kuwa gigabaiti kadhaa, bando laisha kabla hujajua kama ni tishu yako. Metadata kwanza, siku zote, halafu ukishachuja ukabakiwa na chache unauliza kama mwenye data ameweka jedwali la hesabu ya kila jeni tayari pale kwenye Supplementary file. Mara nyingi ameweka, na hilo ni megabaiti tu, huhitaji FASTQ kabisa. Kwa mikroarei kuna Series Matrix File, yafanya kazi hiyohiyo.

Onyo dogo la Eksel: yageuza majina ya jeni kuwa tarehe, SEPT2 inakuwa mwezi wa tisa. Ilisumbua watu mpaka 2020 jeni zenyewe zikabadilishwa majina, sasa ni SEPTIN2, na MARCH1 ni MARCHF1, ila faili za zamani bado zina majina ya zamani. Unapofungua chagua kolamu ya jeni iwe maandishi.

Kuna wakati hutaki mradi wa mtu mmoja, wataka tu kujua jeni hii inawaka wapi mwilini. Basi usihangaike na GEO, nenda zile zilizopangwa tayari. GTEx ina tishu 54 kutoka kwa watu waliofariki na familia zikakubali, toleo la V8 lina sampuli 17,382 za watu 948. Andika jina la jeni unapewa mchoro wa tishu zote kwa mpigo. Lakini ijue mipaka yake. Kwanza mbili kati ya hizo 54 ni seli zilizokuzwa, si tishu. Pili hawako sawa kwa idadi, sehemu ya ndani ya figo, "kidney medulla", V8 ina sampuli 4 tu, nne, wakati sehemu ya nje ina 85, na kwenye mchoro visanduku vyote vinakaa pamoja kama vina uzito sawa. Tatu ni watu wazima tupu, kuanzia miaka 20, kwa hivo ini la mimba hulipati, na uboho haumo. Tuliweka HBG1 pale mdogo wangu akaona mwenyewe kuwa jibu alilokuwa akilitafuta halikuwa mahali pale hata angekesha. Na la nne ambalo mimi laniuma, karibu asilimia 85 ya waliotoa ni Wamarekani wa asili ya Ulaya. Ukitafiti ugonjwa wa watu wa kwetu hilo liandike kwenye ripoti yako waziwazi.

Uboho unaupata Human Protein Atlas, mradi wa Sweden ulioanza 2003, una RNA na pia picha za protini zenyewe ndani ya tishu, jambo ambalo lasaidia sana kwa sababu RNA kuwepo si lazima protini iwepo. Wana na neno lao zuri, "tissue enriched", maana yake jeni inawaka kwenye tishu moja angalau mara nne kuliko tishu nyengine yoyote. Kwa wanaotafuta jeni za tishu fulani hiyo filta ni zawadi. Kuna Expression Atlas ya EBI, taasisi ya Ulaya ya data za kibiolojia iliyo kule Uingereza, na kuna Bgee ya Uswisi ambayo naipenda kwa wanaofanya wanyama, manake wanachukua zile za wanyama wenye afya tu na wanapanga viungo vyote kwa ontolojia ya Uberon.

Uberon nayo ni nini? Ni kamusi ya viungo yenye namba. Ini ni UBERON:0002107, damu ni UBERON:0000178, uboho ni UBERON:0002371. Uite tafi au tasi, namba ni moja. Na kamusi inajua pia nini kiko ndani ya nini, kwa hivo ukiomba ubongo unaletewa na vipande vyake vyote bila kuvitaja. Databesi zinazotumia namba hizi, kama Bgee na CELLxGENE ile ya seli moja moja, kutafuta kwa tishu ni raha. Popote unapoona kisanduku kinakupendekezea jina unapoandika, chukua lile linalopendekezwa, usilazimishe lako.

Sasa mitego ambayo haionekani kwenye lebo, hata lebo ikiwa sahihi. Damu iko kila mahali. Kipande cha pafu, cha wengu, cha moyo, kina damu ndani, kwa hivo HBB itaonekana kwenye mapafu na wewe usiandike kuwa mapafu yanatengeneza hemoglobini, ni damu iliyobaki kwenye kipande. Na kwenye maktaba za damu nzima kuna balaa la upande wa pili: RNA za globini, yani za jeni za hemoglobini kama HBB, zaweza kuwa zaidi ya nusu ya yote, na kwa kuwa kipimo cha TPM ni sehemu ya milioni moja, zikijaa hizo basi jeni nyengine zote zinaonekana ndogo. Ni kama matatu ya watu kumi na wanne, tisa wakiwa wa familia moja viti vilivyobaki ni vichache, si kwamba abiria wengine hawapo stejini. Ndo maana maabara nyengine zinaondoa globini kabla ya kusikwensi, wanaandika "globin depletion" kwenye protokali. Kwa projekti ya jeni za kinga hiyo ni nzuri sana. Kwa mdogo wangu ni sumu, manake wameondoa kilekile alichokuja kukiangalia! Tulipata mradi mmoja mzuri mno, sampuli nyingi, watu wa Afrika, lebo safi, halafu kwenye mstari wa katikati wa protokali tukakuta globini imeondolewa. Tukauacha kwa huzuni.

Kongosho nalo lina vimeng'enya vinavyokula RNA, sampuli zake zaoza upesi, angalia alama ya RIN kama imeandikwa, ni kuanzia 1 hadi 10 na kadri ilivyo juu ndivyo RNA ilivyo nzima. Na maktaba zilizotengenezwa kwa kuchagua mkia wa poli-A, ule wa herufi A nyingi mwishoni mwa RNA, zinakosa nyingi za jeni za histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa, kwa sababu nakala zao hazina mkia huo, kwa hivo ukiona histoni iko chini kwenye tishu fulani angalia kwanza maktaba ilivyotengenezwa.

Wenye mimea na wadudu, mambo ni yaleyale ila majina yanageuka zaidi. Mtu wa minazi akiandika "coconut flesh" hapati kitu cha maana. Nyama ya nazi ni "solid endosperm", maji ya dafu ni "liquid endosperm", na makumbi yale tunayosukia kamba ni "mesocarp". Kwa mbu wa Anopheles tafuta VectorBase, tishu za maana kwa malaria ni "midgut" na "salivary gland", na utakutana na "carcass", hiyo ni mwili uliobaki baada ya kutoa kile walichokitaka, kwa hivo carcass ya mradi mmoja si carcass ya mradi mwengine, lazima usome walitoa nini.

Unapochuja weka daftari. Tarehe, databesi gani na toleo gani, maneno yote uliyoandika kama yalivyo uyanakili kutoka kwenye Search details, namba za GSE ulizozikubali na pia ulizozikataa na kwa nini. Hizi za kukataliwa ndo wengi hawaandiki halafu baada ya mwezi wanafungua mradi uleule tena wanapoteza usiku mwengine. Na databesi zenyewe hazidumu, UniGene iliyokuwa ikipanga maktaba za EST kwa tishu kwa miaka mingi ilifungwa 2019, na aliyekuwa hajanakili kitu alibaki na linki isiyofunguka.

Na lebo ikikushinda kabisa, kwenye ukurasa wa GSE kuna jina la aliyeweka data na barua pepe yake. Mwandikie. Watu waogopa bure, wanadhani mtu wa chuo kikubwa huko hatomjibu mwanafunzi wa Mombasa. Mdogo wangu alikuwa na mradi mmoja wenye sampuli nne zimeandikwa FL bila maelezo mengine na alikuwa ashaziweka kwenye orodha kama ini la mimba. Tukaandika mistari minne, salamu, namba za GSM, swali moja, ahsante. Jibu lilikuja siku ya pili yake: FL ilikuwa "femur, left", uboho wa mfupa wa paja la kushoto, wa watu wazima. Akazihamisha kutoka safu ya ini kuzipeleka safu ya uboho, akaandika na sababu pembeni.